Betri za Simu Zinazouzwa Pemba Zipimwe

Barua ya wazi kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na kwa mafundi simu wa Chake Chake

Kutoka Pujini, Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba

Betri ndiyo sehemu ya simu inayokufa kabla ya nyingine zote. Kioo kisipoangushwa hakipasuki, na ubao wa ndani usipoingia maji unaweza kufanya kazi miaka kumi. Betri huzeeka hata simu ikiwa imelala kabatini. Kwa hiyo kila mwenye simu Pujini, awe mvuvi mwenye kitochi au mwalimu wa skuli mwenye simu janja, atanunua betri ya pili, na simu ikidumu atanunua na ya tatu. Betri hiyo ya pili ndiyo hoja ya barua hii. Ile ya kwanza ilikuja na simu kutoka kiwandani, ikiwa imepimwa. Ya pili hutoka kwenye droo ya fundi, na mnunuzi hana njia ya kujua kama iliwahi kupimwa na mtu yeyote.

Betri za simu za leo, za kitochi na za kisasa, karibu zote ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1991, na wanasayansi watatu waliozifikisha hapo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani ya betri mna tabaka mbili nyembamba zilizokunjwa pamoja, moja ya grafiti na nyingine, kwa kawaida, ya lithiamu iliyochanganywa na kobalti. Katikati yake pana utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na vyote vimelowa majimaji yanayoshika moto kwa urahisi.  Simu ikichajiwa, chembe za lithiamu huhama kutoka upande wa kobalti kwenda kwenye grafiti. Simu ikitumiwa, hurudi zilikotoka. Katika kila safari, chembe chache hunasa zisirudi tena, na uwezo wa betri hupungua kwa kiasi hicho hicho.

Watengenezaji huhesabu umri wa betri kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni kutumia ujazo wote wa betri, hata kama nusu imetumika leo na nusu kesho. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa mizunguko 500 kabla betri haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Umoja wa Ulaya, kuanzia Juni 20, 2025, unadai mizunguko isiyopungua 800 kwa simu janja mpya zinazoingizwa kwenye masoko yake. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku hufika 500 kwa muda usiofika mwaka na nusu. Basi simu ya miaka miwili ambayo haimalizi siku haijarogwa, wala haijaharibiwa na kampuni ya mtandao. Betri imefika umri wake.

Kinachoiua kabla ya umri huo ni joto, hasa joto likikutana na chaji iliyojaa. Takwimu zinazotumiwa sana na wataalamu wa betri zinalionyesha jambo hili waziwazi. Betri ikiwekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa imejaa, hubaki na 80. Kwenye nyuzi 40, ile yenye chaji ya asilimia 40 hubaki na 85, na iliyojaa hubaki na 65 tu. Yaani theluthi nzima imepotea bila ya simu kupigiwa hata mara moja.

Nyuzi 40 si jambo la mbali Pemba. Hewa ya nje haifiki huko, lakini chumba kilichoezekwa bati bila dari, saa nane mchana wakati wa kaskazi, hukaribia. Dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani hupita. Simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuachwa juani kwenye ngalawa hupita pia, na ile inayochajiwa chini ya mto usiku, ndani ya kava nene, hutengeneza joto lake yenyewe na kukosa pa kulitolea. Mahali penye mtandao dhaifu simu huongeza nguvu ya kutafuta mnara, ikapata moto na kula chaji hata kama mwenyewe hajaigusa. Njia za kuepuka haya hazina gharama: simu ichajiwe juu ya meza au sakafu ya saruji, ivuliwe kava ikipata moto, isichezewe mchezo au kutazamwa video ndefu ikiwa kwenye waya, na inayowekwa akiba kwa miezi iachwe na nusu ya chaji.

Yako pia mafunzo ya zamani yanayostahili kusahauliwa. Wauzaji wengine bado humwambia mnunuzi achaji betri mpya saa nane kabla ya kuiwasha, na kwamba kila mara aiache iishe kabisa ndipo aichaji. Ushauri huo ulikuwa wa betri za nikeli, ambazo simu ziliachana nazo zamani. Lithiamu inataka kinyume chake: haipendi kufika sifuri, haipendi kukaa kwenye 100, na hustarehe kati ya asilimia 20 na 80. Kuchaji kidogo kidogo mara tatu kwa siku hakuidhuru. Ikishuka mno, chini ya volti 2 hivi, na kuachwa hivyo kwa wiki kadhaa, shaba iliyo ndani huweza kuanza kuyeyuka, na betri hiyo kuifufua kwa nguvu ni hatari. Na simu iliyoanguka majini isizikwe kwenye mchele. Mchele hautoi maji yaliyokwisha kuingia ndani ya ubao, na vumbi lake huziba matundu. Mpunga wa mabonde ya Pujini una kazi nyingine.

Upande wa umeme hali imebadilika sana. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliojengwa kwa msaada wa Norway, ulifika Pemba mwaka 2010, na kisiwa kikaacha kutegemea majenereta ya Wesha. Tabia ya kujaza simu hadi 100 kila umeme unapowaka, kwa kuhofia utakatika, ni ya enzi ile. Leo inaichosha betri zaidi kuliko inavyomsaidia mwenyewe. Kilichobaki na maana ni kuchomoa chaja umeme ukikatika na kusubiri dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu umeme ukirudi mara nyingi hupanda na kushuka. Chaja nzuri huhimili hilo. Chaja bandia hulipitisha hadi kwenye simu.

Bidhaa zinazoitwa "feki" mitaani si za namna moja, na kuzichanganya ni kuwaonea baadhi ya wafanyabiashara. Ziko betri za viwanda vingine, zenye jina lao wenyewe na uwezo wao wa kweli, zilizotengenezwa kuingia kwenye simu za Samsung, Tecno au iPhone. Hizo ni halali, na nyingine ni nzuri. Ziko zinazobeba jina la kiwanda ambacho hakijawahi kuziona. Hizo ndizo bandia. Halafu ziko kuukuu, zilizotolewa kwenye simu zilizokufa, zikavishwa karatasi mpya na kurudishwa dukani. Hizi za mwisho ndizo ngumu kuzitambua, maana seli yake, yaani betri yenyewe iliyo ndani ya karatasi, ni ya kiwandani kweli, ila imekwisha tumika miaka.

Mfano anaoujua kila mtu ni BL-5C ya Nokia, ile bapa yenye vidole vitatu vya shaba, ambayo leo huwekwa pia kwenye redio ndogo za kadi. Ya kiwandani ina uwezo wa mAh 1020 au chini ya hapo, kutegemea mwaka iliotengenezwa. Chini ya kifuniko chake cha plastiki, upande wa vidole, mna ubao mwembamba kama ukucha unaofanya kazi tatu: hukata chaji betri ikijaa kupita kiasi, huzima betri ikikaribia kuisha kabisa, na hukata mkondo vidole vikigusana. Kidole cha kati huiambia simu ni betri ya aina gani kwa njia ya rezista ndogo. Mwigaji anayetaka kubana gharama huiweka rezista peke yake, akaacha vilivyobaki. Simu inaikubali betri hiyo bila ya neno, kwa sababu rezista imejibu swali lake. Ulinzi haupo, na mnunuzi hawezi kuliona hilo bila ya kuichana betri, jambo ambalo hakuna mtu anayepaswa kulifanya nyumbani.

Yapo hata hivyo yanayoonekana kwa nje. Hesabu ya kwanza iko kwenye karatasi yenyewe: mAh zikizidishwa kwa volti na kugawanywa kwa 1000 zinapaswa kutoa Wh zilizoandikwa pembeni. Betri ya mAh 5000 na volti 3.85 ni Wh 19.25; ikiwa karatasi inasema 12, mchapishaji wake hakuwa makini. BL-5C inayojidai kuwa na mAh 3000 ni uongo, kwa kuwa umbo lile halina nafasi ya kuzibeba. Ni vivyo hivyo kwa seli za duara zinazowekwa kwenye tochi na pawabanki: zilizo bora za ukubwa wa 18650 hubeba mAh 3500 hivi, na zile zinazoandikwa 9900 hazijapata kuwepo duniani. Uzito nao husema, kwa kuwa seli ndogo iliyofichwa ndani ya ganda kubwa huwa nyepesi mkononi, na wako waliokuta mchanga umejazwa ili kuficha wepesi huo. Maneno ya Kiingereza yaliyokosewa herufi, tarehe ya kutengenezwa isiyokuwepo, bei iliyo nusu ya madukani kote: kila moja peke yake si ushahidi, zikikutana tatu inatosha. Stika ya hologramu haisaidii sana, kwani anayeiga betri huiga na hologramu.

Betri ikishaingia kwenye simu, siku chache za mwanzo hutoa ushahidi mzuri zaidi kuliko karatasi. Simu iliyokuwa ikijaa kwa saa mbili ikaanza kujaa kwa dakika 40 haikupata betri bora. Imepata ndogo. Chaji inayoruka kutoka 30 hadi sifuri, simu kuzimika kamera inapofunguliwa, na joto la mgongoni hata ikiwa mezani ni dalili za seli dhaifu. iPhone za miaka ya karibuni huandika kwenye mipangilio kwamba betri haitambuliki kuwa ya kiwandani, na baadhi ya simu za Android huonyesha idadi ya mizunguko iliyokwisha tumika. Betri "mpya" yenye mizunguko 400 imejieleza yenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni ya moto. Betri iliyoharibika hutoa gesi ndani na kuvimba. Kifuniko cha nyuma huinuka au kioo hubanduka pembeni. Hapo haichajiwi tena, haikandamizwi irudi, wala haitobolewi kutoa hewa, kwani kutoboa ni kuziunganisha tabaka mbili zilizotenganishwa na utando, na moto wake huanza papo hapo pamoja na moshi wenye sumu. Simu izimwe, ipelekwe nje, iwekwe juu ya mchanga au ndani ya debe la chuma mbali na makuti, na fundi aiendee hukohuko. Kuitupa jaani au kuichoma pamoja na taka ni kumtegea mtoto wa jirani.

Hata viwanda vikubwa vimepatwa na ajali hizi. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba BL-5C halisi milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, ziliweza kupata moto kupita kiasi zikichajiwa, ikajitolea kuzibadilisha bure. Mwaka 2016 Samsung iliziita zirudi Galaxy Note 7 zipatazo milioni 2.5, kisha mwezi wa Oktoba ikaacha kabisa kuzitengeneza. Uchunguzi wake uliotolewa Januari 2017 ulikuta makosa kwenye betri za viwanda viwili tofauti. Kampuni zote mbili ziliweza kuziita bidhaa zao kwa sababu moja: kila moja ilikuwa na namba na tarehe. Betri bandia ikiwa na kasoro, hakuna wa kuiita, kwa kuwa hakuna aliyekiri kuitengeneza.

Hapo ndipo sheria ilipoacha pengo. Kenya ilizizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ilifuata usiku wa Juni 16 kuamkia Juni 17, 2016, baada ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kuwataka wananchi wabonyeze *#06# na kutuma namba ya IMEI kwenda 15090 kujua kama simu zao ni halisi. Zoezi lile liliwezekana kwa kuwa simu huonekana kwenye mtandao kwa namba yake. Betri haionekani. Mtu anaweza kuwa na simu iliyopita mtihani wa 2016 bila doa, na ndani yake akaweka betri isiyo na mwenyewe, na mtandao usijue lolote. Tena mawasiliano ni jambo la Muungano, ndiyo maana TCRA inafika hadi Pemba, lakini viwango na biashara ya ndani ya Zanzibar viko mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi. ZBS imeundwa kwa Sheria Namba 1 ya 2011, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara inasimamia sheria ya 2018 inayomlinda mtumiaji. Kwa hiyo betri si ya kusubiriwa Dodoma.

Kuzizuia bandarini peke yake hakutoshi. Tangu Aprili 1, 2016 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limekataza betri za lithiamu zilizofungwa peke yake kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Njia yao kuu kuja Pemba ni bahari, na kwenye boti paketi ya betri hamsini huingia ndani ya begi la nguo. Ofisa aliyesimama Mkoani au Wete hawezi kufungua kila begi, na akilifungua hawezi kuijua seli kwa kuitazama.

Kipimo kinachohitajika ni chepesi, na kiko tayari kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 61960. Betri huchajiwa ijae, hupumzishwa, kisha hutolewa umeme kwa mkondo ulio sehemu moja ya tano ya uwezo ulioandikwa. Iliyoandikwa mAh 1000 hutolewa mA 200, na inapaswa kudumu saa 5. Ikizimika saa ya pili, karatasi yake imesema uongo, na hakuna hoja nyingine ya kujadili. Mtihani wa usalama wa IEC 62133 unataka maabara kubwa zaidi, lakini huu wa uwezo unahitaji meza, kifaa cha kutoa mkondo na mtu wa kuangalia saa.

Taasisi ya Viwango inaombwa ifanye mtihani huo kwa betri zilizonunuliwa madukani Chake Chake, Wete na Mkoani, zikinunuliwa na mtu asiyejitambulisha, kwa bei anayolipa kila mteja. Majibu yatajwe kwa aina ya betri na kwa jina lililo kwenye karatasi, kwa Kiswahili, redioni na kwenye mbao za matangazo. Tume ya Ushindani inaombwa isimamie kwamba betri yoyote inayouzwa Zanzibar inaonyesha uwezo wake, tarehe ya kutengenezwa na jina la aliyeiingiza nchini, na kwamba mnunuzi aliyeuziwa kuukuu kwa bei ya mpya anarudishiwa fedha zake bila ya kuzungushwa. Baraza la Mji wa Chake Chake nalo linaombwa liweke mapipa ya chuma kwa betri zilizokufa, karibu na mafundi, kwa sababu huko ndiko zinakotolewa.

Kwa mafundi ombi ni jengine, na linahusu heshima ya kazi yao. Wengi wao ndio wanaofahamu kuliko ofisa yeyote betri ipi ya kutoka duka lipi hurudi baada ya mwezi. Wamwambie mteja mapema anachouziwa, cha kiwandani, cha kiwanda kingine, au kilichotolewa kwenye simu nyingine, na kila kimoja kiwe na bei yake. Waandike tarehe juu ya betri wanapoifunga na watoe risiti yenye aina na uwezo wake. Kuvalisha betri kuukuu karatasi mpya kukome. Fundi anayefanya hivyo hawezi kujitetea kwamba hakujua. Na asiyekuwa na mashine ya kupimia anunue ile ndogo ya mezani, apime mbele ya mteja. Itamlipa kwa wateja watakaorudi kwa hiari yao.

ZBS inaombwa ianze na BL-5C, ambayo hutumiwa na wenye kipato kidogo kuliko wote, na nakala ya majibu ya saa tano zile ibandikwe kwenye ofisi za masheha, ya Pujini ikiwemo.